Picha Safi ya Damu ya Longinus

Mtu akitaka kunichokoza, aniambie kazi ya maabara ni kukaa tu. Ndiyo, tunakaa. Nimekaa miaka ishirini na mbili nimeinama kwenye hadubini, na nilichovuna ni kiuno kisichonyooka na jicho la kulia lenye ukungu. Daktari wa macho kule Kigoma mjini alisema ni mtoto wa jicho, bado mchanga, tusubiri akomae. Nikamwambia nimeshazaa watatu, huyu wa nne sikumwomba. Hakucheka. Madaktari wa macho hawana utani.

Naitwa Herieth, kwetu Same. Nililetwa huku nikiwa na miaka ishirini na sita, nikaahidiwa kuhamishwa baada ya miaka miwili, na hadi leo bado nasubiri hiyo barua. Jina la hospitali naliacha. Ipo kando ya barabara ya Kibondo kwenda Kasulu, ina vitanda sitini, na maabara yake ni chumba kimoja chenye mtaalamu mmoja. Huyo mmoja ni mimi.

Ugonjwa unaonichosha kuliko yote huku ni malale, ule wa usingizi. Si kwamba wagonjwa ni wengi. Kwa mwaka wanaweza kuja wawili, watatu, mwaka mwingine asije hata mmoja. Wanaopata ni watu wa msituni, warina asali na wachoma mkaa, wanaoumwa na mbung'o. Kinachochosha ni kumtafuta mdudu mwenyewe. Kwetu daktari haruhusiwi kuomba dawa ya malale kwa kukisia. Lazima mimi nimwone mdudu kwa macho, niandike na kutia sahihi. Na mdudu huyo, kwenye damu mbichi ambayo haijatiwa rangi, ni kama kipande cha nailoni kilichodondokea kwenye ndoo ya maji. Yupo, ila mwanga unapita ndani yake kama hayupo. Mwaka huu rangi ya kupakia damu ilikwisha Februari, ikaja tena Agosti. Katikati hapo nilikuwa na damu mbichi na jicho moja la kushoto.

Ndipo nikamweleza Salumu. Huyu ni fundi wa simu na kamera za ulinzi pale Kasulu mjini, mtu wa miaka arobaini hivi. Babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka Pangani, na mjukuu amebaki na maneno matamu ya pwani katikati ya Waha. Alikuwa amekuja kufunga kamera kwenye stoo yetu ya dawa. Nikamwonyesha damu yangu mwenyewe kwenye hadubini, nikamwambia: kitu cha kioo, kirefu kuliko chembe nyekundu mara mbili au tatu, chembamba, hakina rangi. Nifanye nini nikione?

"Mama, kitu cha kioo hakizuii mwanga," alisema, "ila kinaupindisha kidogo. Jicho halijui mwanga umepinda. Jicho linajua kuna mwanga mwingi au mchache, basi. Tukitaka tukione, inabidi kupindika tukugeuze kuwe mwanga na kiza."

Alifikiria jambo hilo mwezi mzima. Mara ya kwanza alikuja na wembe. Aliuingiza ndani ya mrija wa hadubini mpaka ukafunika nusu ya mwanga, na juu yake akaweka kamera ya simu iliyotolewa lenzi, ikabaki na kile kipande kinachopokea mwanga, ambacho wenyewe wanakiita kihisi. Chembe za damu zikainuka kwenye kioo cha kompyuta ya maabara, upande mmoja zina mwanga na upande mwingine kivuli, kama vilima vya Kibondo saa moja asubuhi. Nilipiga kelele. Yeye akatikisa kichwa, akasema nusu ya mwanga tunaitupa, na hajazoea kutupa vitu.

Mara ya pili wembe haukuwepo. Kulikuwa na vioo viwili vidogo vilivyoegemeana kama paa la nyumba, na vihisi viwili kutoka kwenye simu mbili za aina moja zilizovunjika vioo. Mwanga uliopindia kulia ulikwenda kwenye kihisi hiki, uliopindia kushoto ukaenda kwenye kile. Kompyuta ilichukua picha ya kwanza ikaitoa kwenye picha ya pili. Mwanga ulionyooka uko sawa pande zote, kwa hiyo ukijitoa wenyewe unakwisha. Kinachobaki ni kile kilichopinda tu. Hiyo ndiyo akili ya kazi yenyewe, na mpaka leo naiona ni akili nzuri. Tuliweka kiboksi chake pale pa jicho la kulia, kwa kuwa jicho langu la kulia halikuwa na kazi nyingine.

Tatizo lilikuwa chenga. Ukitoa picha moja kwenye nyingine, mwanga mwingi unakwisha lakini uchafu wa vihisi haukwishi. Kioo kizima kilikuwa kinachemka vidoadoa vyeupe na vyeusi, kama televisheni isiyo na antena. Nikitazama dakika kumi, kichwa kinapasuka. Nikamwambia Salumu maneno ambayo ningetamani ningeyameza. Nilisema, "Baba, umenitoa kwenye ukungu ukanitia kwenye mvua. Nisafishie hii picha, macho yangu yamechoka."

Alinisafishia. Alirudi wiki iliyofuata, akabonyeza bonyeza, na chenga zikaisha kabisa. Chembe nyekundu zilitulia moja moja, zina kingo na bonde katikati, mtu angeweza kuzihesabu akiwa mlangoni. Salumu akaniambia kompyuta sasa inachukua picha kumi na sita mfululizo na kuzichanganya kuwa moja. Uchafu unakuja na kuondoka, kwa hiyo katika kumi na sita unajifuta, na kitu halisi kinabaki. Tulijaribu kwa ngozi ya kitunguu, kwa utando wa ndani ya shavu lake, kwa damu yangu na damu yake. Vyote vilitoka vizuri. Wadudu wa malale hatukuwa nao wa kujaribia.

Longinus alikuja katikati ya Mei. Ni mrina asali wa Murungu, mtu mrefu mwenye makovu ya nyuki mpaka kwenye kope, na aliingia maabara akiongea. Alikuwa na homa ya wiki mbili, kichwa kinauma, na mkononi ana kidonda cheusi kilichovimba pembeni. Mkewe, Yusta, alikuwa nyuma yake amebeba shuka na chupa ya uji.

"Mwakeye, dokta," Longinus aliniamkia. "Mbung'o wa mwaka huu wana hasira, sijui nani kawaudhi."

"Anajifanya kucheka," Yusta alisema. "Usiku anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Mpime vizuri, mama. Huyu akilala mimi nimekwisha."

Nilimpima. Naomba hili lieleweke: nilimpima. Siku hiyo nilikuwa na sampuli arobaini na moja, mashine ya kuzungusha damu imeharibika tangu Krismasi, na miguu imevimba. Nikaweka tone la damu yake, nikafunika, nikakaa mbele ya ile picha safi. Nikatazama sehemu moja, nikasogeza, nikatazama nyingine. Chembe zimepangika vizuri. Katika sehemu ya tatu, kwenye kona, niliona alama hafifu kama ya kidole chenye mafuta, na chembe mbili tatu pembeni yake hazina kingo. Nikasema moyoni, lenzi imechafuka. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni: kisichofanana na kitu chochote unachokijua ni uchafu, pangusa kwanza ndipo uamini. Nikachukua karatasi laini, nikapangusa, nikasogeza slaidi. Alama haikuwepo tena. Nikaridhika kabisa, nikaandika kwamba hakuna mdudu aliyeonekana.

Tulirudia kesho yake na keshokutwa, kama utaratibu unavyotaka. Ile picha nilishaipenda. Siku hizo mbili nilitazama upesi zaidi, maana ilikuwa rahisi na jicho haliumi. Hakuna mdudu. Hakuna mdudu. Dokta Yusuph, mganga wetu, kijana wa Tabora asiyependa kubahatisha, alinifuata mwenyewe maabara.

"Mama Herieth, kile kidonda kinanisumbua. Una uhakika?"

"Tazama mwenyewe," nikamwambia, nikimgeuzia kompyuta kwa majivuno. "Umewahi kuona damu iliyo wazi hivi?"

Alitazama, akakubali kwamba hajawahi. Longinus akapewa dawa za homa ya matumbo akarudishwa Murungu.

Zilipita wiki saba. Mwanzoni mwa Julai aliletwa mama mmoja mwenye usaha ukeni, nami nikachukua tone nikaliweka kwenye slaidi. Kompyuta ilikuwa bado inajikongoja kuwaka, nikaona nisipoteze muda, nikainamia lenzi ya kushoto kwa jicho langu zima. Walikuwepo, trikomona, wale vijidudu vya ugonjwa wa zinaa, tele, wanajigeuzageuza kama punje za mchele kwenye maji yanayoanza kuchemka. Wale hata mwanafunzi hawezi kuwakosa. Kwa bahati Dokta Yusuph alikuwa anapita, nikamwita aje awaone kwenye kioo kikubwa, kompyuta ilikuwa tayari imewaka.

Alisimama mbele ya kompyuta. "Wako wapi, mama?"

"Si hao!"

"Hapa naona chembe tu. Safi kabisa."

Nikanyanyua uso. Kweli, kioo kilikuwa kimetulia, chembe zina kingo nzuri, na hapa na pale alama hafifu kama za kidole chenye mafuta. Nikainama tena kwenye lenzi ya kushoto: wanacheza. Nikainuka: hakuna mtu. Nilifanya hivyo mara tatu, nikiinama na kuinuka kama mwehu, na baada ya mara ya tatu sikuinama tena kwa sababu nilishaelewa. Picha kumi na sita. Kinachokaa mahali pake katika zote kinabaki. Kinachotembea, katika kila picha kiko mahali pengine, na kompyuta inakihesabu kuwa uchafu. Na mdudu wa malale akiwa hai hatulii hata sekunde moja. Tangu niko chuo najua kwamba kwenye damu mbichi unamjua kwa kucheza kwake, kwa jinsi anavyozisukuma chembe.

Nikakaa chini, sakafuni, Dokta Yusuph akidhani nimeanguka. Nilikuwa na hofu, kisha nikashikwa na aibu iliyonichoma mpaka masikioni. Nikasema jina moja tu. "Longinus."

Nilimpigia Salumu hapo hapo. Nilikuwa nimeshaandaa matusi, mengine ya Kipare, maana ya Kiswahili yasingetosha. Nikamweleza.

"Mama," alisema, "mdudu huyo anatembea?"

Nilimwambia urefu wake, nikamwambia wembamba wake, nikamwambia hana rangi. Kwamba anatembea sikumwambia. Kwangu ilikuwa ni jambo la kila mtu kujua, kama kumwambia mtu kuku ana mdomo.

"Na mimi nina langu," Salumu aliendelea. "Wenye maduka huwa nawaonya. Nawaambia ukiisafisha sana kamera ya usiku, mwizi akipita mbio atatoka moshi. Nawaonya wote, mama. Kwako sikukumbuka. Nilikuona umechoka, nikataka nikupunguzie."

Sikumtukana. Alinielekeza kwenye simu mahali pa kuifuta ile kumi na sita na kuandika moja. Chenga zikarudi, kioo kizima kikachemka, na katikati ya vile vidoadoa trikomona wakatokea wanajigeuzageuza, kila mmoja na ubavu wake wa mwanga na ubavu wake wa kivuli. Kifaa kilikuwa kinawaona vizuri tangu siku ya kwanza. Sisi ndio tuliokizuia.

Kesho yake asubuhi niliomba gari la hospitali, nikaenda Murungu mwenyewe. Dereva alisema tungeweza kumpigia simu mtendaji wa kijiji, nikamwambia awashe gari. Longinus tulimkuta amekaa ameegemea ukuta wa jiko, saa nne asubuhi, kidevu kifuani. Sahani ya ugali wa muhogo ilikuwa mbele yake haijaguswa na inzi wameijaa. Nilimwamkia. Alifumbua macho polepole, akanitazama bila kunitambua, akayafumba.

"Alianza mwezi jana," Yusta alisema. Alikuwa amekonda. "Mchana analala hivyo. Usiku anazunguka nje anaita nyuki. Wakwe zangu walitaka tumpeleke kwa mganga wa kienyeji, nikakataa. Nikawaambia wazungumze mengine, hospitali walimpima mara tatu, damu yake ni safi."

Nilishika mkono mmoja wa Longinus, Yusta akashika mwingine, tukampandisha kwenye gari.

Nilimchoma kidole mimi mwenyewe, nikaweka tone, nikakaa mbele ya chenga. Haikufika dakika mbili. Katika sehemu ya tano chembe mbili zilisukumwa, zikaachana, na katikati yake akapita mdudu, mwembamba, ana mwanga upande huu na kivuli upande ule, akijipinda kama anayetafuta njia ya kutokea. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kuona kitu kwa uwazi namna ile, na sijawahi kuchukia kuona kama siku ile. Dokta Yusuph akamtoboa mgongo, akaniletea maji ya uti. Yalipaswa yasiwe na kitu. Nako walikuwepo.

Dokta Yusuph alisoma karatasi yangu akiwa amesimama, akaiweka mezani taratibu. Maana yake tuliijua wote wawili. Mei mdudu alikuwa kwenye damu, na dawa yake ingekuwa nyepesi. Sasa amefika kwenye ubongo. Dawa ya huko ni nzito, yenyewe inaweza kuua, na anayepona si lazima arudi alivyokuwa.

"Malale hujificha, Mama Herieth," alisema bila kunitazama. "Mara nyingine vipimo vitatu vinatoka bure, vitabu vyote vinasema. Hakuna atakayeuliza. Dawa nimeshaiagiza, inakuja kesho. Nenda nyumbani ukapumzike."

Alikuwa ananionea huruma, na huruma ile niliitamani sana. Nilikuwa nimechoka kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Nilivua koti, nikachukua mkoba, nikafika mpaka kwenye mlango wa kutokea. Wodi ya wanaume iko upande wa kushoto wa mlango huo. Yusta alikuwa ameketi pembeni ya kitanda anampangusa mumewe uso kwa kitambaa kibichi, naye Longinus alikuwa macho, anatazama dari. Nikaingia.

"Yusta," nikasema, "yule mdudu alikuwepo tangu Mei. Mashine yangu ilikuwa inamfuta. Siku ile ya kwanza niliona alama yake, nikadhani ni uchafu wa lenzi, nikapangusa."

Mkono wake ukasimama. "Ukapangusa."

"Ego, nilipangusa. Na siku mbili zilizofuata nilitazama haraka, kwa sababu nilikuwa nimechoka na picha ilikuwa nzuri. Nimekukosea wewe na yeye. Sina neno la kupunguza."

Nilingoja anipigie kelele. Ningefurahi angenipigia kelele. Alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya goti.

"Jana jioni aliniuliza mimi ni binti wa nani," alisema. "Nikamtajia baba yangu. Akafurahi kweli, akasema huyo mzee anamfahamu, ana binti anaitwa Yusta, anataka kumposa mizinga ya mwaka huu ikijaa. Akaniomba nikimwona huyo Yusta nimpe salamu zake."

Longinus aligeuza kichwa kwenye mto kumtazama mkewe aliyekuwa akiongea, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Mimi umeshanieleza," Yusta alisema, akainuka kunipisha. "Mweleze na yeye. Useme taratibu, maana alikuwa mtu wa kupenda kujua jambo mpaka mwisho wake."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwamkia, nikaanza.